Aliyerudi Vitani Si Mwanangu

4 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

U mzima huko uliko? Huku tunasukuma siku, na siku zinatusukuma. Shemeji yako bado yuko kiwanda cha sabuni, jioni anarudi ananukia kuliko mimi. Mwanangu wa mwisho kang'oka meno mawili ya mbele, sasa akisema "samaki" hutoka upepo mtupu na sisi tunamwambia arudie ili tucheke. Baba hajambo. Ni usahaulifu wa uzee tu, usikose usingizi.

Kwanza nikugombeze. Nimekupigia simu mpaka kidole kimeota sugu. Inaita, inaita, halafu unanitumia ujumbe: "Dada, niandikie barua." Barua! Siku hizi nani anaandika barua? Dereva wa lori nilipompa bahasha alinitazama kama nimempa kuku aliyekufa. Lakini mimi na vile vibonyezo vya simu hatuelewani, na wewe ndiye uliyeanza, basi nimekaa na kalamu.

Katuni yako imefika. Tulikaa sebuleni wote, na majirani wawili ambao hawakualikwa. Wallahi nilijivuna! Wewe, mtoto tuliyekuita Chiriku kwa kukosa breki mdomoni, leo ni binti wa Kichina wa hadithi za kale, unapanda farasi, unaongea Kiswahili kitamu na midomo inakwenda sawasawa. Watoto waliposikia sauti yako walipiga kelele mpaka nikawatishia kuizima.

Sasa kuna jambo. Ilipofika pale jeshi linapodai mwanamume mmoja kila nyumba, na baba yake yule binti ana mguu mbovu, na binti anavaa deraya ya vita ya baba yake na kuondoka alfajiri, Baba alijivuta mbele kwenye kiti. Akasema, "Huyo ni Chiriku." Nikamwambia ndiyo, ni yeye. Akauliza, "Anakwenda wapi?" Na mimi na utani wangu nikamjibu, "Anakwenda vitani badala yako, mzee, si unauona mguu wako?" Tukacheka wote. Yeye hakucheka. Aliutazama ule mguu uliopondwa na gari siku jeki ilipoteleza, akautazama sana, halafu akataka kwenda kulala. Hatukumaliza filamu.

Tangu siku hiyo kila asubuhi swali ni moja: "Chiriku karudi?" Nimemweleza ni katuni, ni sauti tu, umekaa kwenye chumba unasoma karatasi. Ananisikiliza vizuri, halafu anauliza tena. Kwa hiyo pokea simu, mdogo wangu. Mwambie neno moja tu, kwamba uko salama.

Dada yako


27 Februari

Dada,

Nimefurahi kupata mwandiko wako, bado unaandika kama unagombana na karatasi. Mimi mzima. Chumba ni kilekile, dirisha linatazama ukuta wa jirani na bomba la maji machafu, lakini hakivuji. Msalimie shemeji. Huyo mng'oka meno mwambie mama yake mdogo ana zawadi yake.

Simu yangu imeharibika upande wa kusemea. Nasikia, sisikiki. Fundi ananizungusha, njoo leo, njoo kesho. Ndiyo maana sipokei.

Kazini si haba. Unakumbuka nilikueleza kile chumba cha kurekodia kilichozibwa magodoro ukutani, na yule fundi mitambo tunayemwita Kimya kwa sababu ndilo neno lake pekee? Bado yupo, bado anatunyamazisha. Kazi yangu sasa ni kuandika yale maneno ya Kiswahili ili yatoshe kwenye midomo ya katuni. Katuni inafungua mdomo mara mbili, wewe una sentensi nzima mkononi, utapunguza nini? Ni kazi nzuri tu.

Kuhusu Baba, mwambie niko salama, nimekutuma wewe. Mwekee ule mwanzo, pale binti yuko nyumbani anamtania baba yake, atafurahi. Lakini mwisho wa filamu usimwekee. Una kelele nyingi za vita, zitamtisha mzee. Nakuomba sana, dada, mwisho usimwekee.

Chiriku


20 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nitazifanya fupi. Watoto wazima, shemeji yako mzima. Mimi nimekonda mpaka gauni la harusi ya binamu yetu limenienea tena, angalau hilo.

Wiki iliyopita Baba alitoroka. Nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba, niliporudi kiti kitupu na fimbo hakuna. Nilizunguka mtaa mzima na kanga moja, nikiuliza watu kama mwendawazimu. Unajua alipatikana wapi? Kituo cha polisi. Kavaa lile koti lake la gereji, kasimama mbele ya kaunta, anamwambia askari, "Nimekuja mwenyewe. Mguu ni wangu, vita ni yangu. Mrudisheni binti yangu." Wale vijana walikuwa wanacheka, lakini mkubwa wao hakucheka. Alimpa kiti akaniambia nikiingia, "Mama, huyu mzee anaomba kama mtu anayeomba kweli."

Chiriku, nililia njia nzima. Maana nilikumbuka. Jeki ilipoteleza, gereji ikafungwa, si ni wewe uliyeacha shule ukafunga kamkoba kako ukaenda kutafuta kazi? Mimi nilikuwa na mimba, siwezi kitu. Ni wewe uliyekwenda. Baba hajawahi kulisema, kumbe lilikuwa humo kifuani miaka yote, na katuni imelifungulia mlango.

Basi nikasema, hapana, nimwonyeshe huyo binti anarudi salama, yaishe. Ulinikataza, najua. Lakini mwisho wenyewe hauna kelele! Vita imekwisha, binti anarudi kwao amechoka, anasimama nje ya lango anamwita baba yake. Kuna cha kutisha hapo?

Nikamwekea yote. Farasi alipoonekana njiani Baba alianza kutabasamu, nikamwona anatengeneza kola ya shati. Binti akashuka. Akasema, "Baba, fungua. Ni mimi." Basi uso wa Baba ulizimika. Akaniambia zima. Akasema, "Aliyerudi si mwanangu. Mwanangu kafa huko, na huyu kavaa nguo zake."

Nimerudisha nyuma, nimemwekea tena. Mimi nasikia ni wewe! Watoto wanasikia ni wewe! Yeye anasema nguo ni zake, farasi ni wake, mwenyewe siye. Unajua masikio yake, lori likipita barabarani anakwambia kipi kimelegea. Lakini kichwa ndicho kimekwenda, mdogo wangu, masikio yatafanya nini bila kichwa?

Amekaa chini kwenye mkeka tangu jana. Anasema yuko kwenye msiba wa mwanawe, na hatakula mpaka azikwe. Maji anakunywa. Chakula hapana. Achana na fundi simu, azima ya mtu. Piga leo.

Dada yako


9 Aprili

Dada,

Poleni. Poleni sana. Natumaini barua hii itakukuta ameshakula kitu.

Simu ya kuazima sijapata. Usiniulize kwa nini, huku watu hawaazimani.

Nina wazo. Unakumbuka tulivyokuwa wasichana, wachumba wako walikuwa wakipiga simu wananitongoza mimi wakidhani ni wewe? Sauti zetu zilikuwa moja. Simama nyuma ya pazia, ulainishe kidogo, umwite yale maneno ya kwenye filamu. Kisha mpe supu ukisema imetoka kwangu. Fanya hivyo, dada. Mimi siwezi kuja sasa hivi.

Chiriku


30 Aprili

Chiriku,

Hujambo. Hatujambo. Salamu zimekwisha.

Nilifanya ulivyotaka. Mwanamke mzima mwenye watoto watatu nikajibanza nyuma ya pazia la sebule na bakuli la supu mkononi, nikaita, "Baba, fungua, ni mimi." Nikaita tena, nimelainisha sauti mpaka koo linawasha. Akasema taratibu, "Hata wewe uko pamoja nao." Nilipotoka na lile bakuli alilipiga likamwagika lote mkekani. Hajawahi kuninyanyulia mkono tangu nizaliwe. Nilikaa palepale sakafuni nikalia kwa sauti kama mtoto, na yeye akanitazama akaniuliza kama na mimi nimefiwa.

Sasa nikwambie niliyokuwa nakuficha. Ule "usahaulifu wa uzee tu" ulikuwa uongo wangu. Hanijui, Chiriku. Ananiita mama wa chai. Mlango wa mbele nimeutia kufuli, maana ametoroka tena, mara ya mwisho alikuwa katikati ya barabara kuu anasimamisha magari, anauliza yapi yanakwenda vitani. Mchana anapiga mlango kwa fimbo akisema yeye si mfungwa. Majirani wanasikia. Nimemfungia baba yangu mzazi ndani kama mbuzi. Hilo nililificha kwa aibu.

Na amekwisha mwili. Anakubali chai ya sukari, siku nyingine na uji vijiko vichache, nikimwambia ni vya msibani. Mkono wake naushika wote kwa vidole viwili. Nikimwogesha naogopa kumsugua.

Mimi nimesema yangu. Na wewe sema yako. Mtu aliyekuwa haachi kuongea hata usingizini, leo miezi yote hii hana simu, hana ya kuazima, hawezi kuja, hawezi kusema kwa nini. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Umefungwa? Umezaa? Umekosana na Baba kwa jambo nisilolijua? Hata iwe nini, mimi ni dada yako, nitalibeba. Lakini baba yetu anakufa na njaa kwa ajili ya kukulilia wewe uliye hai, na wewe unaniambia nijifiche nyuma ya pazia! Una moyo wa namna gani?

Dada yako


14 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Sina habari za familia, familia yangu ni wewe.

Baba amesikia sawasawa. Aliyerudi si mimi.

Tulipokuwa tunaingiza sauti za ile filamu, sauti yangu ilianza kukwaruza katikati. Nikadhani mafua. Kimya alikuwa ananiletea maji ya moto na asali, tukasonga, tukamaliza safari, tukamaliza vita. Ikabaki ile sehemu ya mwisho tu, binti anarudi kwao. Asubuhi hiyo niliingia kwenye chumba cha magodoro, nikajaribu mara moja, ikakwaruza nikakohoa. Nikajaribu tena, ukatoka upepo.

Nilipelekwa hospitali. Koo lilikuwa na uvimbe, wakautoa. Uvimbe haukuwa mbaya, dada, hapo usihofu. Lakini mshipa wa sauti umeguswa. Nimebaki na mnong'ono. Mtu akiwa upande wa pili wa meza hanisikii.

Ile sehemu ya mwisho ikafanywa na msichana mwingine, alinisikiliza siku nzima kwenye visikizio vya masikioni mpaka akanishika. Bosi alisema hakuna atakayejua. Na kweli hakuna aliyejua. Hata wewe uliyenilea hukujua. Baba peke yake, kichwa kimeondoka na bado akajua! Niliposoma barua yako ya Machi niliiangusha. Nilitamani kupiga kelele na hata hiyo sina.

Kwa nini sikusema? Kila nilipokuandikia nilijiambia wiki ijayo itarudi, nitapiga, atasikia, yataisha. Na niliona haya. Mdomo huu ndio uliokuwa unanilisha, ndio mlioujua nyumbani. Chiriku asiyelia ni ndege gani? Halafu naogopa, dada. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Uso wangu hatautambua, umeniambia hata wako hautambui. Nikija nikamnong'oneza atasema wameleta mwingine tena, na hapo nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu.

Kimya, yule fundi mitambo, nilimnong'oneza habari hii. Jana aliniletea diski. Hafuti vitu, kumbe lile jaribio langu la asubuhi ile lilikuwa bado kwenye mashine. Ni sauti tu, haina picha, na ni mbaya, inakatika. Lakini ni mimi. Nimempa dereva, nimemwomba kama ninayeomba roho yangu. Mwekee Baba. Usimwambie lolote kabla.

Chiriku


3 Juni

Mdogo wangu, mama wee,

Nimekutukana na wewe unaumwa. Ulilazwa hospitali peke yako, umepasuliwa koo, na mimi huku nakuuliza una moyo wa namna gani. Nisamehe, au usinisamehe, lakini kula vizuri. Watoto nimewaambia. Yule mng'oka meno kasema basi yeye na wewe mtakuwa mnanong'onezana siri. Shemeji yako alitoka nje, akarudi macho mekundu, akasema ni sabuni.

Sasa sikia.

Nilimwekea mchana, watoto wakiwa shule. Baba alikuwa amelala kwenye mkeka wake, mwili umejikunja. Nikaweka diski, sikusema kitu. Ikakwaruza kidogo, halafu nikakusikia. "Baba, fungua. Ni mimi." Ukakohoa. Ukasema, "Samahani, Kimya. Turudie." Halafu, "Baba, fu..." na hapo hakuna tena, ni pumzi tu, na mtu mbali anasema basi, basi.

Baba alikuwa amefumbua macho. Akaitafuta fimbo. Nikamsaidia kusimama, nikadhani anataka msalani, lakini akaenda moja kwa moja mlangoni akaweka kiganja juu ya lile kufuli langu. Hakupiga. Akaniambia, "Fungua." Nikafungua.

Nje hapakuwa na mtu. Jua tu, na baiskeli ya jirani. Nikasema sasa ndiyo mwisho, sasa ndiyo tumemmaliza. Akasimama pale kizingitini, akaegemea fimbo, akatazama huku na huku. Kisha akasema kuelekea barabarani, kwa sauti ile aliyokuwa akitumia tulipokuwa wadogo na homa, "Usirudie, mama. Nimesikia."

Akanigeukia. "Koo linamuuma. Mwambie asirudie. Nimesikia."

Alikubali kukaa kwenye kiti na supu akanywa. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Lakini sitakudanganya tena, tumedanganyana vya kutosha. Supu haikukaa. Wala iliyofuata. Mganga wa zahanati alikuja, akamgusa tumbo na miguu, akaniita pembeni. Kasema mwili umesahau chakula, na kama kuna mtu wa kuitwa, aitwe.

Anataka kiti chake kikae mlangoni. Mlango hataki ufungwe. Haniulizi tena kama umerudi, ananiuliza umefika wapi.

Njoo. Njoo bila sauti, njoo bila viatu, njoo. Asipokujua, nitakushika mimi. Lakini njoo.

Dada yako


Haina tarehe

Dada,

Barua hii haikubebwa na dereva, mimi ndiye niliyebebwa. Nimeiandika ndani ya lori lake, mwandiko utausamehe, barabara mbovu. Sasa unaisoma nimesimama mbele yako. Nimeiandika kwa sababu najua ukinifungulia utaanza kuniuliza maswali, na mimi nitafungua mdomo na wewe utasikia upepo, tutalia pale mlangoni na muda utakwenda.

Sijui kama kiti chake kina mtu. Kila tulipopita nyumba ina watu wengi nje nilifumba macho. Kama nimechelewa, usinieleze. Nishike mkono tu unipeleke, nikae naye kabla hawajamchukua. Nitamwambia hivyo hivyo kwamba ni mimi.

Kama yupo, usimtangazie kwamba nimefika. Usimwambie "huyu hapa Chiriku wako". Ameletewa wengi kwa jina hilo, mmoja wa kwenye filamu na mmoja wa nyuma ya pazia. Niache niende mwenyewe.

Njia nzima nimekuwa nikijaribu kusema "Baba". Dereva kanitegea sikio mpaka karibu tuingie mtaroni, akasema hasikii kitu ila injini. Ninaogopa, dada. Siwezi kumwita kutoka mlangoni kama yule wa kwenye katuni. Itabidi niiname mpaka sikioni kwake, na ninayo pumzi ya kusema mara moja.

Kwa hiyo kunja karatasi hii. Zima runinga, zima redio, zima feni, watoto watoke nje. Halafu nipishe.